Uliza Kilichopikwa Leo: namna ya kula mchana kwa Wagiriki, kuanzia Athens hadi Dodoma

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Kondoa, alirudi kutoka Athens alikokwenda kwa mafunzo ya kazi ya siku kumi. Alipokuja kunisalimia hapa Nkuhungu nilikuwa na swali moja: "Ulikula nini huko?" Akajibu, "Mjomba, wale chakula chao chipsi na nyama kwenye mkate. Siku ya nne nikaanza kutafuta wali."

Nilinyamaza kidogo. Mji ule niliishi miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo ilipita katika jiko la mgahawa mdogo wa familia moja, mtaa wa Kypseli. Nilianza kwa kuosha vyombo, nikamaliza nikiwa mpishi. Najua kabisa kwamba mtoto huyu alipita mbele ya milango kadhaa ambayo nyuma yake kulikuwa na trei za maharage, bamia, mchicha, na wali pia, wali uliofungwa ndani ya nyanya. Alipita kwa sababu hakuna aliyemwambia aingie wapi na aulize nini. Nilijua anasafiri na sikumwandikia chochote. Basi naandika sasa, kwa ajili yake siku atakayorudi, kwa wengine mnaokwenda kusoma au kwenye semina, na kwa ninyi ambao hamwendi popote lakini mna jiko na Jumamosi ya mapumziko hapa Dodoma.

Mlango gani uingie

Ukiona picha kubwa za vyakula nje na kijana anayekuvuta mkono uingie, endelea na safari. Mgahawa wa familia hauna haja ya kukuvuta, maana wateja wake ni watu wa mtaa. Angalia meza zilizotandikwa karatasi iliyobanwa pembeni isipeperuke. Angalia kama kuna mzee anakula peke yake na gazeti, tena anaongea na jikoni bila kuinua kichwa. Angalia kabati la kioo ambalo ndani yake trei zimepangwa, mvuke umeganda juu ya kioo. Hapo ndipo.

Majina nayo yanasaidia. *Psistaria* ni mahali pa nyama choma: wana moto wa makaa, na kazi yao ni hiyo. *Mayirio* ni mahali pa vyakula vya sufuria na oveni, vilivyoanza kupikwa alfajiri. *Taverna* mara nyingi huwa na vyote viwili. Mtu anayetaka kujua Mgiriki anakula nini nyumbani kwake aanzie kwenye mayirio, au kwenye taverna anayopika mama mwenye mji mwenyewe.

Kwetu pale Kypseli mama ndiye aliyekuwa mpishi. Mumewe alisimamia makaa na kaunta, mtoto wao wa kiume akihudumia mezani, na mama mkwe, bibi aliyevuka miaka themanini, alikaa karibu na mlango wa nyuma na beseni mapajani akichambua mboga. Mimi nilimwita mama yule *kiria*, kwa heshima ileile tunayomwitia mtu mzima "mama" hapa kwetu. Yeye aliniita mwanangu tangu wiki ya pili.

Saa ya kwenda

Wengi wetu tumezoea kula saa saba. Kule chakula cha mchana ni saa nane mpaka saa kumi. Jikoni tulikuwa tunaingia saa kumi na mbili asubuhi, na trei ya mwisho ilitoka kwenye oveni karibu saa sita. Mimi nakushauri ufike saa saba na nusu. Utakuta kila kitu kipo, na watu wa nyumba hawajazidiwa na kazi, kwa hiyo watakusikiliza. Ukifika saa kumi na nusu utauziwa kilichobaki, na kilichobaki si lazima kiwe kibaya, ila bamia itakuwa imekwisha. Bamia ilikuwa ya kwanza kwisha kila mara.

Mwezi wa Agosti, hasa karibu na tarehe 15, ambayo kwao ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, familia nyingi hufunga mgahawa na kurudi kijijini. Usishangae kukuta karatasi imebandikwa mlangoni.

Swali lenyewe

Ukishakaa utaletewa karatasi ndefu ya vyakula. Usianze kuisoma kama mtihani. Karatasi nyingi za namna hiyo zimechapwa zamani zikiwa na kila chakula cha nchi nzima, na bei huandikwa kwa kalamu pembeni ya vile tu vilivyopo. Mstari usio na bei ni chakula kisichokuwepo. Afadhali umwangalie anayekuhudumia usoni, umuulize: *Ti mayirepsate simera?* Mmepika nini leo?

Sijui sentensi nyingine ya Kigiriki inayofungua moyo wa mtu wa jikoni kama hiyo. Mgeni akiiuliza, mtoto wa kiria alikuwa anarudi jikoni na kutuambia, "Kuna mtu anauliza." Na kiria alifuta mikono kwenye aproni akatoka mwenyewe. Hata ukikosea matamshi wataelewa. Ukiona hamwelewani, ongeza *Boro na dho?* yaani, naweza kuona? Watakupeleka kwenye trei au kwenye sufuria, watakufunulia vifuniko, na wewe utaonyesha kwa kidole. Hili si jambo la aibu kule; ni desturi ya zamani ya taverna kwamba mteja aingie kuangalia sufuria.

Ukishaona, chagua vile vilivyopikwa asubuhi ile. Nyama ya kuchoma utaipata popote, hata hapa kwetu, na kwa kweli mbuzi wa Dodoma hajashindwa na mtu. Lakini maharage meupe makubwa yaliyookwa kwenye nyanya mpaka yakapasuka ngozi hayawezi kupikwa kwa haraka kwa ajili yako. Ama yalianza jana kulowekwa, ama hayapo.

Kila kitu katikati

Kosa la pili la mpwa wangu, baada ya mlango, lilikuwa kuagiza sahani yake na mwenzake sahani yake. Walikuwa wanne. Watu wanne kwenye mgahawa wa Kigiriki hawana sahani nne. Wana saladi moja, kitu kimoja cha kuchovya, mboga mbili za mafuta, maharage au dengu, na labda nyama moja, vyote vimewekwa katikati ya meza, na kila mtu ana sahani ndogo tupu mbele yake. Mwambie anayekuhudumia *ola sti mesi*, vyote katikati. Agiza kidogo kwanza, halafu uongeze. Jikoni lipo palepale, halikimbii.

Na hapa ndipo ninapotaka mtu wa Dodoma anisikilize. Wewe ambaye umekulia kwenye ugali wa uwele au wa mtama na bakuli moja la mlenda, unajua tayari namna ya kula chakula hiki kuliko mtalii yeyote wa Ulaya. Unajua kumega, kuchovya, kumwachia mwenzako upande wake, na kutoharakisha kumaliza. Mkate wa kule ndio tonge lako. Unaletwa mezani hata kama hukuuomba, na hulipiwa kiasi kidogo. Ukiwa huutaki sema mapema. Lakini nakuomba uutake.

Chukua saladi yao ya kijijini, *horiatiki*: nyanya zilizokatwa vipande vikubwa, tango, kitunguu, pilipili hoho, zeituni, na juu yake bamba zima la jibini ya feta lililonyunyiziwa oregano na mafuta ya zeituni. Haina majani ya saladi ndani yake. Watu wakishamaliza nyanya, chini ya bakuli hubaki maji ya nyanya yaliyochanganyika na mafuta, chumvi ya feta na vipande vilivyovunjika. Mgeni anarudisha bakuli. Mwenyeji anamega mkate, anautumbukiza humo, anausubiri ulowe, anakula. Wana jina la kitendo hicho, *papara*. Bibi wa pale kwetu alikuwa akiona bakuli limerudi na maji yake ananiuliza, "Huyu mtu anaumwa?"

Kuhusu feta, ujue unakula nini. Tangu mwaka 2002 sheria za Umoja wa Ulaya zinalinda jina hilo: ni ya Ugiriki tu, maziwa yake angalau asilimia 70 ni ya kondoo na yanayobaki ni ya mbuzi, nayo hukaa miezi miwili au zaidi kabla ya kuuzwa. Ndiyo maana ina ukali fulani unaompendeza mtu aliyezoea maziwa ya mbuzi.

Mafuta yasikutishe. Kuna kundi zima la mapishi linaloitwa *ladera*, maana yake vya mafuta: maharage mabichi ya maganda, bamia, biringanya, njegere, vyote vimepikwa taratibu na nyanya, kitunguu na mafuta ya zeituni mengi mpaka maji yamekwisha na mafuta yamebaki yakielea. Hayo mafuta ni mchuzi. Ni ya kuchovya.

Jambo jingine litakalokusumbua ni joto la chakula. Sisi tunataka sahani inayofuka moshi. Ladera na mboga nyingi za kujazwa wali huletwa vuguvugu, wakati mwingine zimepoa kabisa, na hawakukosea. Zikiwa za moto sana utaonja nyanya tu. Zikipoa unaonja kitunguu, mafuta na majani. Hata musaka, ile ya biringanya, nyama ya kusaga na sosi nyeupe ya maziwa juu, tulikuwa hatuikati mpaka ikae nje ya oveni karibu saa moja, la sivyo inamwagika sahanini. Sosi ile nyeupe, nilikuja kujua baadaye, iliingizwa kwenye musaka miaka ya 1920 na mpishi aitwaye Nikolaos Tselementes, ambaye jina lake Wagiriki walilifanya kuwa neno la kawaida la kitabu cha mapishi.

Kwa Mwislamu, na kwa asiyekula nyama

Mimi ni Mrangi wa Kondoa na ni Mwislamu, kwa hiyo hili nililazimika kulijifunza mapema. Nguruwe huitwa *hirino*. Mishikaki yao, *suvlaki*, ikiwa haikutajwa aina ya nyama basi kwa kawaida ni hirino, na ile nyama ya kuzungushwa, *yiro*, vilevile ni ya nguruwe au ya kuku. Kuku ni *kotopulo*, kondoo ni *arni*, ng'ombe ni *moshari*. Uliza pia kuhusu *krasi*, mvinyo, hasa kwenye nyama za kuchemshwa na vitunguu vidogo na kwenye pweza, maana humwagwa sufuriani. Sema *horis krasi, horis hirino*, bila mvinyo, bila nguruwe. Nyama ya kuchinjwa kwa sharia usitegemee kuipata kwenye mgahawa wa mtaa wa kawaida.

Lakini hakuna haja ya kukaa na njaa. Wakristo wa Orthodoksi wana funga nyingi: Jumatano na Ijumaa, na ile ndefu kabla ya Pasaka. Siku hizo hawali nyama, maziwa wala mayai, na kwa ajili hiyo mapishi yao yasiyo na nyama yamekuwa mengi na yamepevuka kwa karne nyingi. Neno lake ni *nistisima*. Ukimwambia mama wa jikoni *nistisimo*, atajua kwamba unataka maharage, dengu, bamia, dolmadaki (vifungu vya majani ya zabibu) za wali mtupu, na hatakuona msumbufu. Mimi Ramadhani nilikuwa nafungua kwa supu ya maharage meupe, *fasolada*, ambayo kiria aliniwekea pembeni kwenye sufuria ndogo bila mimi kuomba. Sijaisahau sufuria ile, ilikuwa ya bluu, mdomo umebabuka.

Ukitaka kubeba

Siku za kazi huenda huna saa mbili za kukaa. Sema *paketo*, nao watakufungashia. Hapa uchague kwa akili. Ladera, maharage ya oveni, nyanya na hoho zilizojazwa wali, musaka: hivi vinabebeka vizuri, na baadhi huwa vitamu zaidi jioni. Saladi waambie wasitie mafuta wala chumvi, uvipate pembeni, kwa sababu chumvi huanza kutoa maji ya nyanya dakika ileile. Vya kukaangwa, kama vipande vya maboga madogo au dagaa, kula palepale. Ndani ya kontena lililofungwa vinatoa jasho na kulegea. Limau lisikamuliwe mapema. Mkate uwe kwenye mfuko wake wa karatasi.

Dolmadaki usizipashe moto kamwe. Zile zisizo na nyama huliwa baridi au vuguvugu, na limau. Ukizipasha, jani linakuwa gumu na wali unavunjika.

Kuhusu malipo sina mengi. Unaomba *ton logariasmo*, unalipa, unaacha chenji kidogo kama umefurahi. Usikimbilie kuomba, kwa sababu kabla ya hesabu huja kitu ambacho hukuagiza: vipande vya tikiti, au mtindi mzito na matunda ya sukari, au haluwa ya semolina. Ni *kerasma*, zawadi ya nyumba. Huwezi kuikataa bila kumwumiza mtu. Haluwa yao utaitambua jina kabla hujaionja.

Meza ileile, Dodoma

Niliporudi nyumbani nilidhani nimeacha chakula hicho nyuma. Miezi ya kwanza nilikuwa nikipita Soko la Majengo kununua vitu vya kawaida tu, mpaka siku moja nikasimama mbele ya fungu la bamia nikagundua kwamba neno nililokuwa nalisikia kwa kiria kila siku, *bamies*, ni hilihili. Na mboga ya kiangazi aliyokuwa akiichambua bibi mlangoni, *vlita*, ni mchicha, jamii moja kabisa na huu tunaouziwa hapa kwa fungu. Pungufu lilikuwa mafuta ya zeituni na feta, basi.

Wagiriki wenyewe si wageni wa nchi hii. Wakandarasi wa Kigiriki walikuwamo katika ujenzi wa reli ya kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita hapa Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Baadaye wakulima wa kwao walilima tumbaku upande wa Iringa. Chakula chao tu ndicho hakikushuka kwenye behewa.

Anza na bamia, kwa sababu hapo utaona tofauti ya fikra. Sisi wa mikoa hii tunaupenda utelezi. Mlenda usioteleza ni wa nini? Mgiriki anautoa. Kata vichwa vya bamia kwa kuchonga kama penseli, usitoboe ganda. Panga kwenye sinia, nyunyizia siki na chumvi, uanike juani nusu saa mpaka saa nzima. Jua la Dodoma linafanya kazi hii vizuri kuliko la Athens. Kisha kaanga vitunguu vingi, ongeza nyanya zilizosagwa, panga bamia ndani, funika, moto mdogo. Usikoroge kwa mwiko. Shika masikio ya sufuria uitikise. Ukikoroga, ganda linapasuka na utelezi wote unarudi. Pika kwa mafuta ya alizeti, yetu ya Singida na hapa, ni mazuri na hayana haja ya kuonewa haya. Mafuta ya zeituni ni ghali, yatie mwishoni, mabichi, vijiko viwili vitatu juu ya chakula kilichokwishaiva. Hapo utayaonja.

Mchicha uchemshe kwenye maji mengi yenye chumvi mpaka mashina yalainike, uchuje, usiukamue ukakauka. Mafuta na limau juu. Basi. Usiutie karanga siku hiyo.

Mtindi: nunua lita mbili za mtindi mzito usio na sukari, mimina kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa kwa maji ya moto, funga, tundika juu ya bakuli usiku mzima, ndani ya friji kama nafasi ipo. Asubuhi utabaki na kama nusu yake, mzito wa kusimamisha kijiko. Kuna tango na kuna kitunguu saumu: tango likwangue, tia chumvi, likamue kwa nguvu mpaka mkono uchoke, maana maji ya tango ndiyo yanayoharibu kila kitu hapa. Changanya na punje mbili za saumu zilizopondwa, mafuta, matone ya siki. Iache itulie saa moja. Hiyo ndiyo *zaziki*. Sehemu ya mtindi ukiiacha itundikwe siku mbili na chumvi, inakuwa donge unaloweza kulivunjavunja juu ya saladi. Siyo feta, wala usimwambie mgeni kwamba ni feta, lakini inakaa vizuri pale feta ilipopaswa kukaa.

Na majani ya zabibu! Tunaishi katikati ya mizabibu ya nchi hii, Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, tunakula zabibu na kuuza mvinyo, na majani tunawapa mbuzi. Kule Athens kiria alikuwa akiyanunua yamelowekwa kwenye maji ya chumvi, ndani ya chupa. Mara ya kwanza nilipomwomba mkulima mmoja wa Hombolo aniruhusu nichume majani alidhani ni dawa.

Huku mizabibu hupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Majani mazuri ni yale yanayochipua wiki chache baada ya kupogoa. Chuma la tatu mpaka la tano kutoka nchani, ukubwa wa kiganja, laini, upande wa chini usiwe na manyoya mengi. Kabla ya yote muulize mkulima lini alipiga dawa. Mizabibu hupigwa dawa ya ukungu, na mstari uliopigwa karibuni usiuguse hata kama majani yanavutia namna gani. Mwombe akuachie mashina machache ambayo hayatapigwa.

Yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, dakika mbili tatu, yabadilike rangi. Kaanga vitunguu vitatu vikubwa vilivyokatwa vidogo kabisa, vilainike bila kuungua, tia vikombe viwili vya mchele, nana nyingi, chumvi, pilipili manga, limau moja, koroga kidogo, epua mchele ukiwa bado mbichi. Jani lilaze upande unaong'aa ukiwa chini na mishipa juu. Kijiko kimoja cha chai cha mchele karibu na kikonyo, kunja pembeni, viringisha, usikaze sana kwa sababu mchele utavimba. Tandika chini ya sufuria majani yaliyochanika, panga vifungu kwa kubanana, funikia sahani iliyopinduliwa juu yake ili visifumuke, maji yafike usawa wa sahani, mafuta, limau jingine, moto mdogo dakika arobaini na tano. Ziache zipoe humohumo. Kwa joto la hapa, wali uliopikwa usikae mezani zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kiingie kwenye friji.

Mkate ndio ulionisumbua. Mikate mingi ya dukani kwetu ina sukari, na sukari haipatani na bamia wala zaziki. Nilijaribu chapati, nikajaribu mkate wa kuoka mwenyewe. Sasa Jumamosi nyingi naweka ugali wa mtama, mgumu, na nathubutu kusema kiria angeukubali.

Jumamosi iliyopita nilimwita mpwa wangu aje saa nane, siyo saa saba. Mke wangu alitandika mkeka chini ya mwembe, tukaweka kila kitu katikati. Jirani yetu, bibi wa Kigogo ambaye huwa anapita kuangalia ninachokifanya na majani ya mbuzi, aliingia na bakuli lake la mlenda chini ya kanga, akaliweka kati ya bamia na zaziki bila kuuliza. Alionja bamia akatafuna muda mrefu. "Umeiondolea uzima wake," akasema, akachota tena. Mpwa wangu alimega ugali akauchovya kwenye maji ya saladi, akaangalia bakuli, akachovya tena. Tulikaa mpaka kivuli cha mwembe kikafika ukutani.

Alipoaga, aliniomba nimwandikie lile swali kwenye simu yake, nikaliandika kwa herufi zetu. Mke wangu akamfungia dolmadaki kumi na mbili kwenye kontena, za kumpelekea dada yangu Kondoa. Gari lilipoanza kuondoka nilimkimbilia dirishani kumwambia mama yake asizipashe moto.